Mshika Mlingoti

Kila jioni, muziki wa taarifa ya habari ulipoanza, Mzee Koleo alitoka nje kwenda kushika mlingoti wa antena. Alikuwa fundi wa mabati, mwenye mikono migumu na kichwa kigumu zaidi, na alikuwa amekula kiapo mbele ya ukoo mzima kwamba hataitazama tena sura ya mwanawe. Mwanawe huyo ndiye aliyekuwa msomaji wa habari. Siku walipomzika bibi yake mzaa baba, kijana hakutokea makaburini; jioni ile ile akaonekana ndani ya kioo cha runinga, tai shingoni, akisoma habari za watu wengine. Tangu hapo jina lake halikutajwa katika nyumba ile. Hata mama yake, ambaye mumewe alikuwa akimwita kwa jina la huyo mtoto, akageuka kuwa "wewe" tu.

Lakini antena yao ilikuwa na maringo. Picha ilitulia pale tu mtu aliposhika mlingoti; ukiuachia, chenga tupu. Basi mzee yule yule aliyeapa ndiye aliyesimama nje, jua liwe jua, mvua iwe mvua, mgongo ameupa dirisha, ili mama mtu amwone mtoto wake. Ukimuuliza atakwambia anapunga upepo. Upepo gani huo unaovuma saa ya habari tu, Mungu ndiye ajuaye.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kijana mwenyewe. Yeye juu ya paa la jiko, baba kitini akisubiri mpira, na kelele zao zinasikika hadi mtaa wa pili. "Imetulia, baba?" "Bado, geuza kidogo!" "Imetulia?" "Hapo hapo! Iache hapo hapo!" Mama alikuwa jikoni na masufuria yake, akiwasikia na kuwacheka.

Jioni moja muziki wa habari ulisikika kwa jirani, kupitia ukutani. Kwao kioo kilikuwa cheupe, kinakoroma.

Mama alijua kwa nini. Tangazo la kuzimwa kwa mitambo ya zamani, ile ya analojia, lilirudiwa wiki nenda wiki rudi, kila mara katikati ya habari, na mtaa mzima ulilisikia isipokuwa mtu mmoja: aliyekuwa nje ameshika mlingoti. Habari za ving'amuzi, visanduku vya kunasa picha za dijitali, alizisikia karakanani, na alikwisha kata kauli. "Kikiingia humu, mimi natoka. Siwezi kuleta mashine ya kunisafishia sura ya mtu nisiyetaka kumwona." Ila hakujua kwamba siku yenyewe ya kuzimwa ndiyo hiyo.

Na king'amuzi kilikuwa tayari uvunguni mwa kitanda, nyuma ya sufuria kubwa za shughuli. Mdogo wake Mama alikileta juzi akamwonyesha namna ya kukiunga. Mama alikuwa amepanga kumweleza mumewe polepole, siku akiwa ameshiba na kucheka. Siku hiyo haikufika. Kisha jana kijana akawaambia watazamaji kwamba leo ndiyo jioni yake ya mwisho kwenye runinga, kesho anahamia redioni. Sauti itabaki. Sura ndiyo basi tena.

"Wewe! Vipi huko?" mzee aliita kutoka nje.

"Bado! Geuza kidogo!" Maneno yalimtoka Mama kwa mazoea, kabla hajafikiri.

Akageuza. Chenga. Akageuza tena. Kwa jirani sauti ya mwanawe ilikuwa imeanza kusoma.

"Waya umelegea huko juu," mzee alisema. "Ngoja nipande."

"Usipande, baba, kumenyesha!"

Mzee alikuwa ametia pamba masikioni. Ngazi ililia, kisha bati la paa la jiko likalia, na lilikuwa limelowa. Mama alisimama katikati ya sebule, roho mkononi. Akisema ukweli, mumewe atashuka, lakini atashuka na hasira zake, na king'amuzi kitaishia chini ya nyundo ya karakana. Akinyamaza, mzee mwenye magoti mabovu atazungusha mlingoti juu ya bati linaloteleza kutafuta kitu ambacho hakipo tena hewani.

Mguu uliteleza juu. Akasikia bati likikwaruzwa, na mumewe akiguta.

Mama akakimbilia chumbani. Alikivuta king'amuzi, sufuria zikamwagika kwa kishindo, akarudi nacho sebuleni. Waya wa antena huku, nyaya za rangi huku; akakosea, akachomoa, akachomeka tena. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Kioo kikaandika: hakuna mawimbi.

"Bado?" sauti ilitoka juu.

Hakuna mwingine wa kumgeuzia.

"Geuza upande wa barabara! Polepole, jamani, shikilia vizuri!"

Bati likalia. Maandishi yakapotea, kioo kikawa cheusi, kisha mwanawe akatokea, safi kuliko alivyowahi kumwona. Amekonda. Ana mvi mbili tatu. Nani amemtia mtoto wake mvi?

"Imetulia! Shuka!"

"Nikiachia itapotea."

"Haitapotea. Achia, ushuke."

Mama alijua kwamba mkono umeachia, na kwamba mzee anasubiri kelele za mkewe za kila siku, kwamba imepotea. Hakupiga kelele. Ngazi ililia, nyayo zikaja taratibu mpaka mlangoni.

Mzee alikuwa amelowa, kiwiko kinavuja damu. Macho yake yalikwepa kioo yakatua kwenye taa ya kijani.

"Hiyo nini?"

"King'amuzi."

"Mimi nilisema nini?"

"Ulisema utatoka. Nimekuficha, na nimekosa. Lakini leo ndiyo mwisho wake humo ndani, kesho yuko redioni. Mwache amalize, halafu ukivunje mwenyewe."

Mzee alivuka sebule, uso kaupeleka ukutani, akaukamata waya wa antena kama anayetaka kuung'oa. Mama hakumgusa. Alichoka kuomba, na kwa mara ya kwanza alimchukia.

"Kwa niaba ya wenzangu wote," kijana alisema ndani ya kioo, "nawatakia usiku mwema."

"Sasa atafanya kile kitu chake," Mama alisema, machozi yakimtoka. "Kila siku akimaliza hukifanya. Mimi huona kama anaweka sawa saa yake."

"Kitu gani?"

Mzee akageuka.

Kijana alikuwa ameinua ngumi kidogo juu ya meza, kama aliyeshika kitu chembamba kilichosimama. Akaizungusha taratibu, akasita, akainua nyusi na kungoja.

"Kila siku?" mzee aliuliza.

"Kila siku. Tangu mwaka ule wa msiba."

Waya ulimponyoka mkononi. Mzee Koleo alirudi nyuma mpaka akakifikia kile kiti chake cha zamani, akakaa na maji yake yote.

"Imetulia, mwanangu," alisema. "Iache hapo hapo."