Kitenge Kilichoonja Bahari

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Maman Alphonsine wa mtaa wa Chaussée de Wavre, Brussels, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa na adabu zote za kwao, ila jembe alilibania. Tangu Mignonne wa Lubumbashi aolewe na mwanawe Arnaud, kila alipokaribia mlango wa jikoni kwa mkwewe aliambiwa, "Acha, maman, uko mugeni, ikala." Maneno matamu, lakini yalimkwama Mignonne kooni kama mwiba wa samaki. Alitaka kuwa mtoto wa nyumba, basi.

Kwa hiyo yeye na Arnaud walipopanga kutembelea hifadhi ya pwani kule kusini mwa Ufaransa, kwenye Bahari ya Mediterania, alifurahi mno mkwe alipomtolea kitenge chake cha kijani, kile cha misa za sikukuu.

"Uvae hii. Na uniletee kajiwe kamoja ka bahari. Mi nilipita juu yake na ndege, nikafunga macho juu ya woga. Sijaigusa ata siku moja."

Hifadhi yenyewe ilikuwa nzuri mpaka inaudhi. Misonobari imeinamia miamba myeupe, nyenze wanapiga kelele kama kwaya isiyo na mwalimu, na maji ni maangavu hadi chini, samaki wanajipitia kwa raha zao kwa kuwa hakuna wa kuwavua. Mignonne alivua viatu akatembea ukingoni, akicheka peke yake. Akachagua kijiwe cheupe, laini, akakifunga kwenye pindo la kitenge, kama mama zake wanavyofunga vitu vya thamani.

Mlinzi wa hifadhi, binti mwenye kofia pana, aliliona fundo. Alimsalimu kwanza, ndipo akamweleza kwa Kifaransa cha upole kwamba pale hakitoki kitu, si ua, si jiwe. Kila mgeni akibeba chake, wajukuu watakuta nini? Mignonne akafungua fundo, akainama kukirudisha kijiwe majini, na wimbi likamlowesha hadi kiunoni, kitenge na yote. Arnaud alicheka hadi akakaa chini.

Sasa, kwao nguo ya kuazima hurudishwa imefuliwa na kupigwa pasi. Ukiirudisha chafu umemtukana mwenyewe. Mignonne alikusudia kufua kesho yake, ila waliposhuka kwenye treni Brussels, simu ikaita: Maman amepika, waje moja kwa moja.

Njiani, kwenye barabara ya Chaussée d'Ixelles, Arnaud aliokota kijiwe cheupe ndani ya chungu cha maua mbele ya duka. "Peleka hii. Atajulia wapi, alors?"

Mignonne alikibeba mpaka mlangoni kwa mkwe. Hapo moyo ukamsuta, akakitupa kando.

"Iko wapi kajiwe kangu?" Maman Alphonsine aliuliza hata kabla hawajaketi.

"Maman, balinikataza. Kule kintu haitoke, ata jiwe moja. Nilitaka kukuokotea ingine hapa barabarani, lakini sikupenda kukudanganya."

Mkwe akanyosha mkono. "Bon. Na kitenge yangu?"

Mignonne alikitoa kwenye begi kwa aibu. Kilikuwa kimekakamaa kama gunia, kimejaa mistari myeupe. Akaanza kuomba msamaha, machozi yakimlengalenga. Maman Alphonsine akakisogeza puani, kisha, bila haya, akakilamba.

"Eh! Chumvi!" Akalamba tena. "Ziwa yetu ya Bukavu haina chumvi ata kidogo. Donc njo hii, bahari! Umeniletea yenyewe mu nguo yangu!"

"Maman, nipe nikaifue."

"Nani? Usiiguse!"

Akakitandaza juu ya kiti chake cha dirishani, akaingia jikoni. Mignonne akakaa kwenye kochi, mikono mapajani, mgeni kama siku zote.

"Mignonne! Unaikala tu? Kuya usonge bugali, mukono yangu imechoka!"

Alifika kabla sauti haijaisha. Mkwe akamkabidhi mwiko, akasimama pembeni na kumkodolea macho.

"Na usiifanye laini kama ya kwenu Lubumbashi."

Mignonne alisonga, jasho likimtoka. Hajawahi kufurahi hivyo kusikia kwao kunasemwa vibaya.