Kitambaa Chekundu cha Njia ya Shumba

Msellem wa Micheweni hakuwa na friji dukani, hakuwa na mizani ya kuaminika, hakuwa na jino la mbele, hakuwa na mke tangu Kazija atangulie mbele ya haki, hakuwa na mtoto wa kiume, wala hakuwa na mkarafuu hata mmoja wa kurithisha mtu. Na kilichompungukia kuliko vyote ni makalio ya kukalia kiti. Muuza duka mzima, sukari na unga na viberiti vimemzunguka kushoto na kulia, lakini akishaswali Alasiri hulaza mpini wa jembe mlangoni, na kila mnunuzi hujua kwamba mwenyewe kaingia maweni.

Huko, kwenye ardhi ya mawe makali na vichaka iendayo mpaka Shumba, alijua mti gani ninga hutaga na jiwe gani hubakisha maji mwezi mzima baada ya mvua. Alitembea akitazama juu, miguu ikijipapasia njia yenyewe.

Rafiki yake Vuai alikuwa mtu wa namna nyingine. Alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na mbili, katika masomo ya jioni, baada ya kutwa nzima ya kubeba magunia ya karafuu. Sasa ana sabini na moja, na hakuna barua ya maana Micheweni isiyopita mkononi mwake. Msellem alipenda kumtania.

“Vuai, yule ndege mwenye kifua cha manjano anaitwaje kitabuni mwako?”

“Simjui.”

“Basi kitabu chako kina njaa. Kipe chakula.”

Siku nne kabla ya msiba, Vuai alikuwa akirudi kutoka kondeni kwake kwa njia ya Shumba. Akaona kijiti kimesimikwa kando ya njia, na juu yake kitambaa chekundu. Damu ikampanda. Mapango ya maweni yana watu wake, wanaokwenda na vitambaa na ubani na mayai kuomba mizimu. Vuai alikuwa akiwakemea kwa miaka mingi, kwani ujinga ndio adui aliyeapa kupigana naye tangu siku aliyoandika jina lake kwa mara ya kwanza. Akaking’oa kijiti, akakivunja gotini, na kitambaa akakitupa kichakani. Hakutazama kulikuwa na nini nyuma ya majani. Akaenda zake moyo mweupe.

Jioni ile alimhadithia Msellem peke yake.

“Leo nimemng’oa shetani mmoja njia ya Shumba.”

Msellem alicheka mpaka pengo likaonekana. “Umemvua nguo? Masikini, na baridi hii. Ungemwachia hata msuli.”

Siku ya nne Msellem alilaza mpini mlangoni, akaenda, asirudi. Asubuhi wanawake waliokuwa wakienda kwenye mwani walimkuta ndani ya shimo la kuchimbia mawe, kifudifudi, shingo imevunjika. Mfukoni alikuwa na ufunguo wa duka na unyoya wa ninga.

Vuai alimwosha kwa mikono yake. Makaburini alisimama akasema maneno mazuri yaliyopangika, akawaomba waliokosewa na marehemu wamsamehe. Wakaitikia kwamba wamesamehe.

Siku ya tatu ilisomwa khitma. Wali ulipoletwa alitokea Nyange, mchimba mawe, mwenye lile shimo. Haidar, fundi wa baiskeli, hakumwacha hata akae.

“Jamani, angalieni mnapokanyaga. Nyange kaja. Ntu asije akaukosa mkeka akaishia chini ya ardhi.”

Watu walicheka kwa kuziba midomo. Nyange akabaki amesimama.

“Lile shimo n’liliwekea alama. Kitambaa chekundu juu ya kijiti. Kisha nikalala na homa siku nne. Wallahi n’liweka.”

“Basi kimekwenda wapi? Kimeolewa?”

“Sijui.”

Vuai alirudisha tonge sahanini. Akanawa mkono. Alijua kitambaa kilipo, na aliyekuwa akijua pamoja naye alikuwa kaburini. Akajiambia atasema kesho.

Kesho hiyo haikuja. Mawe ya Nyange yalikosa mnunuzi. Mkewe, Asya, alifika kisimani na wenzake wakaondoka. Kila asubuhi Vuai alipita mlangoni pao, akatoa salamu, akaitikiwa.

Mardhiya, mtoto pekee wa Msellem, aliolewa Tanga, na mimba ya miezi minane ilimzuia kuja kuzika. Akampigia simu Sheha, kiongozi wa mtaa. Simu inakatakata, alisema, na kila mtu ananambia lake. Nataka barua, niisome kwa macho yangu. Ikiwa Nyange aliacha shimo bila alama, simsamehi duniani wala akhera.

Sheha akaja kwa Vuai. “Andika wewe, Mzee Vuai, mkono wako unasomeka. Mweleze uzembe wa Nyange, nasi tutatia saini.”

Vuai aliandika. Barua ilijaa kurasa mbili, mistari imenyooka, kila nukta mahali pake. Aliisoma mara tatu asione kosa la maandishi hata moja. Ilikuwa ya uongo tu. Akawaza watakavyosema barazani ikijulikana kweli, kwamba elimu ya Vuai imemuua rafiki yake, na hatakuwepo wa kuwakanusha. Hata hivyo akaichana.

Ya pili ilikuwa fupi. Aliipeleka kwanza kwa Sheha, ambaye aliisoma akavua miwani.

“Fikiri, Mzee Vuai. Hapana aliyekuuliza.”

“Ndiyo maana nimeandika.”

Kisha akaenda kwa Nyange, aliyekuwa akichonga jiwe asilojua litakwenda kwa nani. Nyange hakusoma shule yoyote. Vuai akamsomea akiwa amesimama.

“Mwanangu Mardhiya, Nyange aliweka alama. Mimi ndiye niliyeing’oa, nikidhani ni mambo ya mizimu, na sikutazama. Baba yako alikufa kwa mkono wangu. Nilijua tangu khitma nikanyamaza, nikamwacha Nyange atukanwe. Haki ya baba yako sasa iko kwako. Ukisamehe au usisamehe, ni juu yako. Vuai.”

“Soma tena pale pa kijiti,” alisema Nyange.

Vuai akasoma tena.

“Siku kumi na moja,” Nyange alisema. “Umenipita hapa siku kumi na moja, na salamu unanipa.”

“Ndiyo.”

Nyange aliokota patasi yake, akaipangusa vumbi. “Sina la kukwambia. Itie bahashani.”

Vuai aliikunja barua, akaitia katika bahasha, akairamba gundi na kuikandamiza kwa kiganja juu ya jiwe lililokwisha kuchongwa. Saa nne alikuwa posta ya Wete. Akabandika stempu, akaisukuma bahasha kwenye tundu la sanduku mpaka vidole vikaingia, akaiachia.