Hodi ya Tatu

Ukiingia nyumba ya marehemu Bi Rahaf, pale karibu na Mnazi Mmoja, kelele za mji hukatika ghafla kama redio iliyozimwa. Kuta za mawe na chokaa ni nene, ukumbi una giza, na njia inapinda kabla ya ngazi ili mgeni aliye mlangoni asiwaone wa ndani. Walioijenga walikuwa na wivu, tena wivu wa kitaalamu.

Amna, binti wa marehemu, alikuja adhuhuri na fundi Onesphory, apime kabla nyumba haijavunjwa. Fundi akapanda juu. Amna akabaki mlangoni, palepale aliposimama mwaka jana. Siku ile alipiga hodi tatu. Kimya. Hodi tatu zisipoitikiwa mgeni huondoka, ndiyo adabu, na tangu aolewe Ilala Amna alikuwa mgeni. Isitoshe, alikuwa amemnunia mama yake kwa kukataa kuhamia kwake. Akaenda zake. Kesho yake Bi Rahaf alikutwa amekufa chumbani juu. Mwaka mzima Amna amejiliwaza kwa jambo moja: mama hakuitika kwa kuwa alikuwa keshafariki.

Ubaridi wa ukuta ukamwingia mgongoni. Onesphory akashuka, jasho linamtoka.

"Mama, mbona huitiki? Nimekuita mpaka koo limekauka!"

"Sijasikia kitu."

"Mimi huko juu nakusikia hata ukikohoa. Nyumba hii noma!"

Amna akaitazama kona ya ukuta. "Rudi juu, mwanangu. Nikipiga hodi, itikia."

Akapiga hodi. Kimya kilekile. Akapiga ya pili, kimya. Ya tatu hakuipigia pale. Alipita kona ya ukuta, hatua moja tu, ndipo akaita.

"Karibu!" Sauti ikamwagika ngazini, ikamjaa masikioni. "Karibu mama, pita ndani!"

Hatua moja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alifika, akageuza. Huenda mama aliitika mpaka pumzi ikamwisha. Amna akaketi kwenye ngazi, akalia kama siku ya msiba.

"Nimeingia, mama," alisema. "Nimeingia."

Huko juu fundi alisikia kila neno, akadhani bado wanajaribu sauti.

"Karibu," akaitika.