Meseji Isiyokuwa ya Mbolea

Simu ya Marselino ilipolia, hata kuku walijua kupisha njia. Mzee wa watu angekuwa anapukuchua mahindi ya mbegu, ama anakunywa uji wake, ama yuko chooni, alimradi kile kitochi chake kilie pale dirishani kinaponing'inizwa ili kishike mtandao, basi angetupa alichoshika na kukimbia. Na mkewe Albina, akimtazama kutoka jikoni, angeomba moyoni: Mungu wangu, leo na iwe yenyewe.

Haikuwa yenyewe.

"Je, wajua?" Marselino alisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno. "Kampuni za tumbaku hutumia familia maskini kujitajirisha. Linda familia yako. Sema hapana." Akainua kichwa. "Maskini nani? Eti Mama Timoth, maskini ni nani hapa? Mimi ninayelisha mahindi nusu ya Sumbawanga?"

"Hawakukutaja jina, Baba Timoth."

"Wamenitumia mimi! Simu ni yangu!"

Alichokuwa akingoja ni meseji ya mbolea. Kule kwao, kijiji cha ndani kutoka Mpui, mkulima aliyejiandikisha hutumiwa namba kwenye simu, akaipeleka kwa wakala, akauziwa mbolea ya ruzuku. Huna namba, utaiangalia mifuko kwa macho tu na kurudi nyumbani. Na mahindi ya siku hizi yamedeka, bila mbolea hayakupi hata ya kuchoma.

Sasa hizi meseji za tumbaku zilitoka wapi? Zilitoka kwenye mkutano wa kijiji, na aliyezileta hakuwa mtu mbaya. Siku ile ziliwekwa meza mbili. Ya kwanza ya kuandikisha mbolea. Ya pili alikaa Atusaye, afisa maendeleo wa kata, binti wa Kinyakyusa kutoka Mbeya, akiandika namba za simu za familia zitakazoelimishwa kuhusu kampuni za tumbaku. Alieleza vizuri tu, lakini nani alimsikiliza? Foleni ni foleni. Watu walitoka meza ya kwanza wakaunga ya pili, wakataja namba zao, wakarudi nyumbani wakijisifu kwamba wao wamejiandikisha mbolea mara mbili, na anayejiandikisha mara mbili hakosi. Marselino alikuwa mmoja wao, tena wa mbele.

Kilichomkera Albina zaidi ni kwamba meseji zenyewe zilisema kweli.

Alipokuwa msichana alikaa kwa baba yake mkubwa aliyekuwa akilima tumbaku upande wa Chunya. Aliyajua yale majani. Alikuwa akiyachuma alfajiri yakiwa na umande, nguo imelowa mpaka kifuani, na jua likipanda kidogo tu kichwa kinazunguka na matapishi yanakuja. Alikesha akichochea kuni kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia, macho yamevimba kwa moshi. Kisha walipokwenda kuuza, mnunuzi aliyashika majani kwa vidole viwili akayapangia daraja la chini, na baba mkubwa akarudi kimya kama mtu aliyetoka kuzika. Albina aliapa tumbaku haitagusa jembe lake tena.

Na sasa kampuni ilikuwa imefika kwenye kata yao, nayo ilitaka bonde lake. Lile shamba la bondeni ndilo lililokuwa roho ya Albina. Masika iliyopita alilifanyia intumba kwa mikono yake, kama mama yake alivyomfundisha: unakata nyasi, unazikusanya, unazifunika kwa udongo kuwa kilima cha duara, kilima baada ya kilima, unaziacha zioze taratibu. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, udongo ni mweusi, mtamu, na ulezi ukiutia humo hauulizi mbolea. Mgongo wake ulikuwa bado unamkumbusha kazi ile. Alikuwa akingoja mvua tu.

Kampuni haikutuma meseji. Ilimtuma Christopha, bwana shamba wake, kijana wa pikipiki mwenye adabu za kuudhi. Anashuka, anavua kofia, "Shikamoo baba, shikamoo mama." Anakaribishwa ugali, anakula, anasifu maharage. Anamwita Marselino "mkulima wa mfano." Halafu akishanawa ndipo anasema polepole, "Mzee, lile bonde lako la chini kule ndilo tumbaku inalolitaka. Mbolea ipo kwenye gari. Hakuna namba, hakuna foleni. Ukisema ndiyo tu, inashushwa mlangoni."

"Mahindi yangu je?"

"Mbolea ya mahindi pia tunakuongezea, baba."

Marselino alikuwa akimjibu kwamba atafikiri. Na kweli alikuwa akifikiri! Hakuwa mtu wa tumbaku hata kidogo, hata ugoro hakuwahi kunusa maishani mwake. Angepata namba yake ya ruzuku, angemwambia Christopha aende salama. Albina alilijua hilo kama anavyojua chumvi ya mboga yake. Lakini kila siku simu inalia, mzee anakimbia, anasoma: Je, wajua? Familia bora haikubali kudanganywa na kampuni za tumbaku.

"Nimedanganywa na nani?" alifoka. "Hawa ndio wanaonidanganya! Kila siku wananitoa mbio kama mtoto! Kampuni imenidanganya nini mimi? Kampuni inakuja hapa, inanisalimia!"

"Basi zifute, mume wangu. Zinakupandisha presha bure."

"Hakuna kufuta hata moja! Nazitunza. Siku ya mkutano nitamsomea yule binti wa Mbeya moja baada ya nyingine, mbele za watu, aniambie umaskini wangu ameuona wapi."

Akazitunza. Ah, wanaume na ubishi wao! Juu ya kioo cha simu kikatokea kibahasha kinachowaka na kuzima, kinawaka na kuzima, na mara kwa mara yakaja maneno ya Kizungu ambayo Marselino aliyabonyeza yaondoke bila kuyatazama mara mbili. Tangu hapo simu ikanyamaza. Siku ya kwanza alishukuru. Siku ya pili akaanza kuitikisa.

Ndipo Theodory, jirani yao wa ng'ambo ya kijito, akapita na baiskeli ina mifuko miwili, anapiga mluzi. "Namba zimetoka, kaka! Wewe bado? Au ulikosea kuandika jina?"

Marselino aliingia ndani akakaa kitandani na viatu vyake. Albina akamsikia akisema peke yake, "Theodory amepata. Theodory, ambaye shamba lake limejaa magugu. Mimi naitwa maskini, halafu nanyimwa."

Albina aliona bonde linamtoka. Asubuhi ya Jumatatu alijifunga khanga, akasema anakwenda Mpui kwenye shughuli ya jumuiya, Mungu amsamehe, akaelekea moja kwa moja ofisi ya kata.

"Shikamoo mama," Atusaye alimpokea, akampa kiti.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kukuomba uzizime zile meseji zako."

Atusaye alimtazama. "Mama, wewe? Wewe ndiye uliyenieleza mambo ya bani siku ile ya mkutano mpaka nikataka kulia!"

"Mimi ndiye. Maneno ni ya kweli, ila yanasemwa vibaya. Unamwitaje mwenye nyumba maskini ndani ya nyumba yake? Unamwambiaje anayengoja mbolea akatae mbolea? Mume wangu hakuwa na neno na tumbaku. Ninyi ndio mnamsukuma, meseji kwa meseji, mpaka mlangoni kwa kampuni. Kama mngemtumia mtu akaja akakaa naye akala ugali, akamwambia kuhusu daraja la majani, kuhusu watoto wanaotapika, angesikia. Christopha anakuja. Ninyi mnatuma simu!"

Binti wa watu alishika kichwa. "Mama, hata mimi nimechoka. Niliwaambia wenye mradi waniache niyaandike mwenyewe, niliwaambia wasubiri mbolea ipite kwanza. Wakasema maneno yameshapitishwa. Zinatoka kwenye kompyuta huko mjini, mimi nilipewa kazi ya kuandika namba tu. Ila unaweza kujitoa. Unajibu neno ONDOA, zinakoma. Simu unayo?"

"Ninayo wapi? Simu ni ya Baba Timoth, ipo dirishani."

"Basi nenda ukaandike ONDOA. Na mimi kesho nitakuja kuongea naye, haki ya Mungu. Nitakula huo ugali."

Albina alirudi mbio mbio, analirudia neno hilo kimoyomoyo lisipotee: ondoa, ondoa, ondoa. Alipofika uani akaona alama za matairi ya gari. Hakuhitaji kuuliza. Ndani, mifuko ya mbolea ilikuwa imepangwa mpaka usawa wa dirisha, na Marselino amekaa juu yake kama chifu.

"Baba Timoth. Hii nini?"

"Mbolea."

"Ya nani?"

"Yangu. Nimetia sahihi." Hakumtazama usoni. "Bonde la chini. Wameshapigilia vigingi."

"Umetia sahihi kwenye mgongo wangu!" Albina alipiga kelele, na ni mara chache majirani walimsikia akipiga kelele. "Zile intumba ulizifanya wewe? Zile nyasi ulizikata wewe? Kesho, Marselino! Ungengoja mpaka kesho tu!"

"Nimengoja mwezi mzima! Kila simu ikilia nangoja! Ulitaka ningoje mpaka nife?"

Albina akaenda dirishani akaichomoa simu. "Na hizi takataka nazifuta."

"Futa. Sina kazi nazo sasa."

Akaikuta ya kwanza. Je, wajua? Akaifuta. Mara simu ikalia mkononi mwake, akadhani ameharibu kitu. Akafuta nyingine, ikalia tena. Kila akitoa moja, nyingine ilikuwa imesimama mlangoni ikingoja nafasi. Kile kibahasha kikaacha kuwaka na kuzima. Akafungua iliyoingia ya pili, akasoma, akakaa chini.

"Ndugu Marselino," alisoma polepole. "Namba yako ya kununulia mbolea ya ruzuku ni hii." Zikafuata tarakimu. "Imetumwa Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Hii iliyopita, mume wangu. Simu ilikuwa imejaa. Umeijaza tumbaku, mbolea ikakosa pa kuingia."

Marselino alisimama, akakaa, akasimama tena. Akaichukua simu akasoma mwenyewe. Kisha akatoka bila kofia kumtafuta Christopha, na Albina akamwona kutoka mlangoni akikaribia kukimbia, mtu mzima yule. Alirudi jua likizama. Christopha alikuwa amempokea kwa heshima zile zile. Alimweleza kwamba wakulima wa tumbaku wameandikwa kwa kundi, mmoja akijitoa, mbolea ya kundi zima inarudi, na wenzake wameshaanza kuimwaga shambani. "Utawaambia nini majirani zako, baba?"

Atusaye alikuja kesho yake kama alivyoahidi. Alikula ugali. Marselino, aliyekuwa ameapa kumsomea meseji zote mbele za watu, hakusoma hata moja. Walikaa watatu wakitazama mifuko, na binti akaondoka macho yamemlowa.

Mvua ikanyesha. Siku hiyo Marselino aliingia bondeni na jembe, akaanza kuzivunja intumba azinyooshe kuwa matuta marefu ya tumbaku. Udongo uliotoka ndani ulikuwa mweusi, unanukia, nyasi zimeoza zimekwisha kabisa, kazi safi ambayo hata mama mzazi wa Albina angeisifu. Albina hakushika jembe. Alileta karai. Kila mumewe alipovunja kilima, yeye aliinama akazoa ule udongo, akajitwika, akaupandisha mpaka nyuma ya jiko, akaumwaga kwenye kieneo alichokitifua, kisha akashuka tena.

"Unafanya nini, Mama Timoth?"

"Napanda ulezi wangu."

"Kwenye kakipande kale? Utavuna kikombe."

"Nitavuna kikombe."

Hakumkataza. Aliendelea kulima kichwa chini, na Albina akapanda na kushuka na karai lake, na mvua ikawanyeshea wote wawili. Katikati ya kazi simu ikalia mfukoni mwa shati la Marselino. Ilikuwa mara ya kwanza hakuikimbilia. Aliitoa taratibu, akaifuta maji kwa kidole gumba.

"Soma," Albina alisema, karai likiwa kichwani.

"Ndugu mshiriki, huu ni ujumbe wa mwisho. Baada ya kupokea ujumbe wetu, mtazamo wa familia yako kuhusu kampuni za tumbaku umebadilika? Jibu NDIYO au HAPANA." Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mifuko, alimtazama mkewe machoni. "Nijibu nini?"

Albina alitazama vigingi, akatazama vilima vilivyobomolewa na vile vilivyobaki vikisubiri zamu yao.

"Waambie ndiyo, Baba Timoth. Tusiwadanganye watu."

Marselino akabonyeza, herufi kwa herufi. Simu haikukawia.

"Hongera," alisoma. "Familia yako ni mfano wa kuigwa."

Albina alishika karai lake vizuri, maana udongo ulishaanza kulowa na kuwa mzito, akaanza kupanda mlima kuelekea jikoni.