Shaba Kwenye Magurudumu ya Papa Mwenze

Ijumaa ile, saa tatu asubuhi, Papa Mwenze alisimama kando ya gari lake, lililokuwa juu ya matofali tangu jana yake katikati ya ua wa nyumba yake kule Katuba, Lubumbashi, akavua shati, akatangaza kwamba hatamsalimia mtu yeyote mpaka jante zote nne, zile rimu za magurudumu, zing'ae. Tangazo hilo lilipokelewa kwa heshima na kuku watatu pamoja na binti yake Delphine, mwenye umri wa miaka kumi na saba, aliyekuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni ya masista. Ripoti yake ya tabia ilikuwa ndefu sana hata wazazi walikuwa bado wanaisoma kwa zamu.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Kesho yake Huguette, dada mkubwa wa Delphine, alikuwa anaolewa. Siku Huguette alipozaliwa, Papa Mwenze alimtoa hospitali akamleta nyumbani kwa gari hilohilo, Toyota nyeupe ambayo hata wakati huo haikuwa mpya, na siku hiyohiyo akaapa kwamba kwa gari hilo atampeleka kanisani. Aliapa mbele ya mashahidi. Tangu hapo aliwakataa wanunuzi wote, hata wale walioliomba kwa ajili ya vyuma tu.

Lakini upande wa bwana harusi ulikuwa na Mama Mujinga, shangazi mtu, aliyekabidhiwa mambo yote ya msafara. Jumanne alikuja, akalizunguka gari mara moja, polepole, kama mtu anayetazama maiti asiyemfahamu. Akasimama mbele ya gurudumu.

"Papa Mwenze, gari iko muzuri," alisema. "Lakini angalia miguu yake. Bibi-arusi anaweza kuvaa nguo nyeupe, halafu gari inavaa viatu vya kulimia? Ijumaa saa kumi nitarudi. Kama iko vile, Huguette atapanda mu jeep ya Doudou."

Tonton Doudou alikuwa mdogo wake Papa Mwenze. Jeep yake ilikuwa na jante za alumini ambazo mtu angeweza kuchana nywele akijitazama ndani yake. Hayo si maneno ya kupamba: Tonton Doudou alichana nywele hivyo kila asubuhi.

Kwa hiyo Alhamisi nzima Papa Mwenze alikuwa ameinama. Alifungua magurudumu moja baada ya jingine, akayaosha kwa sabuni, na maji yakatoka mekundu kwa vumbi la Lubumbashi, halafu yakatoka meusi kwa masizi ya breki. Kisha akashika brashi ya waya na msasa, akakwangua kutu na rangi ya zamani hadi chuma kikabaki uchi, cha kijivu. Kilichobaki kwa Ijumaa ni kupaka dawa ya jante, dawa ya buluu ambayo Delphine alitumwa kuinunua kwenye soko la Kenya, mtaa wa mji huohuo, akaileta katika bidoni ya njano iliyokuwa ya mafuta ya kupikia.

Hapo ndipo inabidi tuizungumzie bidoni ya pili.

Bidoni ya pili, ya njano vilevile, ilikaa chini ya meza ya jikoni, na ndani yake kulikuwa na maji ya buluu vilevile. Hiyo ilikuwa mali ya Delphine. Kwa mchonga mawe mmoja wa hapohapo Katuba alikuwa ameomba unga wa mawe ya kijani, ule unaodondoka chini ya msumeno, akauloweka kwa siki na chumvi kwa siku kumi. Chuma kitupu kikiguswa na maji hayo, kinageuka rangi. Muhula uliopita Delphine aliyajaribu kwenye mkasi wa Sista Léonie, msimamizi wa bweni. Sista alipoona mkasi wake umekuwa mwekundu, alifanya ishara ya msalaba kwa siku mbili mfululizo, na siku ya tatu akaanza kuandika ile ripoti ndefu. Sasa Delphine aliyatengeneza tena, safari hii kwa heshima ya funguo za Tonton Doudou.

Alikuwa sebuleni akipiga pasi vitambaa vya meza aliposikia baba yake akiingia jikoni, akichukua kitu chini ya meza, akitoka. Aliendelea kupiga pasi. Ilimchukua kama kitambaa kimoja na nusu kukumbuka kwamba dawa ya Kenya ilikuwa juu ya kabati.

Alipofika uani, brashi ya Papa Mwenze ilikuwa imesimama hewani.

Gurudumu la kwanza lilikuwa limelazwa juu ya beseni. Pale brashi ilipopita, maji ya buluu yalikuwa yanatiririka, na chini yake chuma cha kijivu kilikuwa kinageuka. Kwanza kilikuwa kama ukucha wa mtoto mchanga. Halafu waridi. Halafu, mbele ya macho yao, bila moto wala kelele, kikawa chekundu chenye mng'ao, rangi ambayo mtu yeyote wa mji ule anaijua kabla hajajua jina lake. Jua lilikuwa linapiga juu yake. Hata kuku walikuwa wamesogea kutazama, au labda walitafuta mchwa; lakini walisogea.

Delphine alikuwa na uongo wa aina tatu tayari mdomoni. Hakuweza kuutoa hata mmoja. Mkasi wa Sista ulikuwa mdogo, na aliutazama huku akicheka. Hili lilikuwa gurudumu zima, na baba yake alikuwa amepiga magoti mbele yake.

"Papa," alisema mwishowe, "hii haiko muujiza. Iko chimie, somo ya shule. Iko maji yangu. Unisamehe."

"Nani alisema iko muujiza?" Papa Mwenze, mstaafu wa kiwanda cha shaba, hakugeuka. "Unafikiri Sista wako njo aliivumbua? Ku usine, nyuma ya nyumba ya moto, tulikuwa na shimo ya maji ya buluu, shaba iko ndani. Tulitupaka mule vyuma vya zamani: misumari, mabati, madebe. Tunangoja. Chuma inaisha, shaba inabakia. Nilifanya ile kazi mbele banipeleke ku moto ya kuyeyusha."

"Sasa juu ya nini unaangalia vile?"

Papa Mwenze alikung'uta brashi juu ya beseni.

"Miaka makumi tatu na moja," alisema. "Kila siku ku mulango ya usine balitupapasaka. Mifuko, soksi, kofia. Siku ingine hata mu kinywa, kama farasi ya kuuzisha. Nilimwanga shaba kama mama mwenye kumwanga uji, kila siku, matani na matani, na gramu moja haikuingia mu hii nyumba. Sikuiba. Hata sikujaribu. Nilitoka mikono wazi mpaka siku ya mwisho." Akaelekeza brashi kwenye gurudumu. "Leo imekuja yenyewe. Imepita mu mulango yangu, imeingia mu beseni ya mama yako."

Akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Delphine, ambaye masista kumi na wawili walishindwa kumpigisha magoti, alikunja sketi yake. Alipiga magoti upande wa pili wa gurudumu.

"Tunaitoa?" aliuliza. "Bado iko saa tano. Naweza kukwangua."

"Utakwangua nini? Chukua brashi."

Wakafanya kazi. Papa Mwenze alikuwa mkuu wa zamu tena, na alijua mambo ambayo mwalimu wa kemia hakuyasema. Chuma kipakwe mara mbili, bila kusuguliwa, kwa kuwa ngozi ile ya shaba ni nyembamba kama pumzi kwenye kioo. Kioshwe kwa maji safi ya kumwagia. Kikaushwe kwa kugusisha kitambaa, si kwa kupangusa. Maji yaliyoangukia kwenye beseni yarudi kwenye kazi, maana mtu wa usine hamwagi. Walipomaliza jante zote, wakazipaka vanishi nyepesi ya seremala jirani ili hewa isizitie weusi. Kisha magurudumu yakarudishwa na nati zikakazwa kwa ile spana ya msalaba: moja, halafu ile inayotazamana nayo, kamwe si kwa kuzunguka. Nati kumi na sita nazo zikapata buluu yao. Vanishi ilikuwa imeisha, hivyo zikapakwa rangi ya kucha isiyo na rangi, mali ya bibi-arusi, aliyepewa taarifa baadaye.

Saa kumi kamili Mama Mujinga aliingia uani. Nyuma yake alikuja Tonton Doudou, akizungusha funguo kidoleni kama mtu ambaye tayari amepewa kazi.

Mama Mujinga alianza kulizunguka gari. Kwenye gurudumu la kwanza alisimama. Akainama kwa taabu, akiwa ameshika mgongo, akanusa.

"Hii iko rangi?"

"Iko shaba, Mama," alisema Papa Mwenze.

"Shaba ya kweli?"

"Ya kweli. Lakini usiguse, ngozi yake ingali mutoto."

Mkono wa Mama Mujinga ulikuwa umeshanyooka. Ukarudi. Alimaliza kuzunguka, na kwenye gurudumu la nne akarekebisha kitambaa chake cha kichwa, kama mtu anayeingia mahali pa heshima.

"Hii gari itakuwa mbele," alisema. "Doudou, weye utabeba vyakula."

Tonton Doudou alimvuta Delphine pembeni. "Ma fille, ile produit, ile dawa, inaitwa namna gani? Nataka nipake ku jante zangu, ata leo."

Delphine alijua vizuri kwamba maji yale juu ya alumini yangeacha tope jeusi. Uso wake ulishakuwa mtakatifu, ule uso aliomwonyesha Sista Léonie. Akatazama upande wa gari. Baba yake alikuwa anafukuza nzi kwenye jante kwa kofia yake.

"Imeisha, Tonton," alisema.

Kesho yake Huguette alipanda nyuma, na Delphine kando yake akiwa ameshika shela. Mama Mujinga alikaa mbele kusimamia. Papa Mwenze alifunga milango yote mwenyewe, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye njia panda ya kwenda kanisani hakukata kona. Aliendelea moja kwa moja, na msafara mzima ukamfuata ukipiga honi.

"Papa Mwenze, kanisa haiko huku," alisema Mama Mujinga.

"Njia ya huku iko muzuri zaidi, Mama. Haina mashimo."

Ilikuwa na mashimo. Ilipita mbele ya usine yake ya zamani, sambamba na ukuta mrefu, mpaka kwenye geti. Hapo Papa Mwenze alipunguza mwendo hadi gari likakaribia kusimama, akateremsha kioo. Mlinzi, kijana asiyemjua, alimwona bibi-arusi, kisha macho yake yakashuka kwenye magurudumu, yakabaki huko. Jua la saa nne lilikuwa linazunguka ndani yake, jekundu, likirusha mwanga kwenye ukuta. Mlinzi alivua kofia.

Papa Mwenze alitoa mkono wazi nje ya dirisha, akausimamisha hapo kwa muda, kisha akapita. Hakuna aliyempapasa.