Mfalme wa Nyuma ya Mlango

Thad Gaither alikuwa na sauti ambayo ukiwa umeegemea ukuta ungeisikia mgongoni kabla haijafika masikioni. Besi-baritoni, ndivyo wenyewe wanavyoiita, na katika opera, michezo ya kuigiza inayoimbwa mwanzo mwisho, watu wa sauti hiyo hawaoi. Bibi harusi huchukuliwa na mwenye sauti nyembamba, nao wazito hugawiwa mashetani, baba wakali na wafalme. Thad hata huo ufalme hakuupata. Aliingia kwenye jumba la opera pale Detroit nywele zikiwa nyeusi tii, sasa zimejaa mvi, na bado alikuwa askari jela.

Mwaka huu opera ilihusu mfalme aliyemfunga mwanawe, kisha akaenda mwenyewe gerezani kumwomba radhi. Thad alikuwa na mstari mmoja: "Mlango uko wazi, bwana wangu." Hapo anageuza ufunguo na kutoka. Alikuwa pia mwimbaji wa akiba wa mfalme, kwa hiyo nyimbo zote alizijua, ila aliyewahi kumsikia akiziimba ni kioo cha bafuni kwake.

Balaa lilianza majira ya baridi, mama yake Odessa alipolazwa kwa ugonjwa wa mapafu na madaktari wakaanza kunong'ona. Thad alimshika mkono akamwambia, "Mama, pona upesi. Mwaka huu mfalme ni mimi." Nani angemlaumu? Isipokuwa mama alipona kweli. Akapona, akanunua tiketi yake na za kina mama wenzake wa kanisani, za onyesho la Jumapili mchana, yeye ambaye hajawahi kutoka ibadani kabla mahubiri hayajaisha. Kila Thad alipompigia simu kusema ukweli, mama alimwuliza wavae kofia za rangi gani, naye akaishia kuchagua rangi.

Sasa alikuwa anachungulia kwenye upenyo wa pazia. Huko juu roshani, safu nzima ilikuwa ni kofia: za zambarau, za njano, zenye manyoya, zenye maua.

"Mbona huachi kuchungulia?" aliuliza Renata, msimamizi wa jukwaa. "Si mstari mmoja tu?"

"Mama yangu yuko kule juu. Anadhani mimi ndiye mfalme."

Renata alichungulia naye. "Na kofia zote zile ni watu wake?"

"Zote."

"Basi pole, kaka. Mimi ningejificha kwenye gari."

Onyesho lilikwenda vizuri mpaka mapumziko, ambapo mfalme mwenyewe, Grant Haviland, alionekana anakunywa chai ya asali kikombe baada ya kikombe, akikataa kuulizwa chochote. Kwa kawaida mwimbaji akikaukiwa na sauti, mtu hutoka mbele ya pazia kuwaarifu watazamaji, kisha mgonjwa huigiza naye wa akiba humwimbia kutoka pembeni. Grant alikataa. Alisema anaweza.

Hakuweza. Thad aliimba mstari wake, akageuza ufunguo, akatoka na kusimama nyuma ya mlango wa mbao. Mfalme akapiga magoti mbele ya mwanawe, akafungua kinywa, kikatoka kikwaruzo cha bawaba kavu. Baada ya hapo, kimya. Okestra iliendelea, mwongozaji akigeuza macho huku na huko kama mama aliyepotelewa na mtoto sokoni.

Renata alimsukuma Thad bega. "Imba."

"Hawajatangaziwa."

"Thad, imba."

Akaimba. Pale pale nyuma ya mlango, funguo zikiwa bado mkononi. Grant, mjanja wa miaka mingi, alianza kuchezesha midomo, na ukumbi mzima ukaamini. Lakini hofu ilimshika Thad, akawa anakimbia, ameitangulia okestra, pumzi inakatika katikati ya maneno. Nota ya chini kabisa ilikuwa inakuja, na alijua ataifikia akiwa hoi.

Ndipo ikasikika sauti kutoka safu ya kofia kule roshani, ya mwanamke, tulivu, ya mtu aliyezoea kusemesha waimbaji.

"Usiwe na haraka, mwanangu."

Ukumbini humo hata kukohoa ni aibu. Watu walimnyamazisha kwa "shhh" kutoka kila upande. Maneno hayo Thad aliyasikia mara ya kwanza alipokuwa mtoto, akiimba peke yake mbele ya kwaya, na kanisani kwao mtu haambiwi hivyo isipokuwa waliokaa wanataka aufikishe wimbo mwisho.

"Shikilia hapo hapo," akaongeza mwingine, wa kofia nyingine.

Akavuta pumzi mpaka tumboni. Akapunguza mwendo, na mwongozaji akamfuata, na okestra ikamfuata mwongozaji. Nota ya chini ilipofika alishuka nayo pole pole, akakaa humo, mlango wa mbao ukatetemeka chini ya kiganja chake. Furaha ilimjaa mpaka akataka kucheka. Grant alikuwa analia machozi ya kweli.

Onyesho lilipoisha na pazia kufunguliwa tena ili waimbaji wapigiwe makofi, Grant alimvuta Thad kwa mkanda wa sare yake ya askari jela mpaka katikati ya jukwaa, akajishika koo, akamwonyesha kwa kidole. Watu walielewa mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja, wakasimama. Safu ya kofia ilikuwa imesimama kitambo.

Thad alimkuta mama yake kwenye mlango wa wasanii, amefunga vifungo vya koti mpaka kidevuni, wenzake wakimzunguka.

"Mama, nilikudanganya kule hospitali. Mimi ni askari jela. Leo ilitokea tu."

"Najua. Ukidanganya unanikuna kiganja, tangu mdogo. Nikawauliza walioniuzia tiketi."

"Sasa mbona ulileta kanisa zima?"

Odessa alimtengeneza kola.

"Niliwaambia mwanangu ana mstari mmoja, anafungua mlango. Tulikuja kumwona akiufungua."