Insha za Wingu Jeupe

Mazoea yana taabu. Mwalimu Chaki, aliyefundisha ubaoni miaka thelathini, aliona vumbi kwenye tableti mpya, akaipangusa kwa dasta. Insha zote za darasa zikatoweka, na mkaguzi alikuwa njiani kuja kuzisoma.

"Nimekwisha, wanangu!"

"Ziko kwenye wingu, Mwalimu," alisema binti wa dawati la mbele.

Mwalimu akaenda dirishani. Wingu jeupe lilielea polepole juu ya paa la choo, na kweli, akaona mistari, nukta, hata makosa ya tahajia.

"Litanyesha saa ngapi?"

Darasa likaangua kicheko. Binti akagusa kioo cha tableti mara mbili, insha zikashuka mojamoja kutoka hifadhi ya mtandaoni kama manyunyu.

Mkaguzi alipopiga hodi, Mwalimu alikuwa ameikalia dasta.